Muulize Fundi: Skrubu inashuka yenyewe, nyingine haigeuki

Mwezi huu sanduku limejaa barua za kitu kimoja, wallahi sijui mlikubaliana wapi. Skrubu. Si zile za kufungia bawaba, nasema zile ndefu zinazozungushwa alafu kitu kinasogea, ziko kwenye jeki, kwenye vaisi, kwenye leithi (mashine inayozungusha chuma kikatwe kwa kisu), kwenye malango ya maji na siku hizi kwenye hizi mashine za kompyuta za kuchonga mbao, CNC. Nimechagua barua tano, zilizobaki nyingi zinajibika humo humo.

SWALI: Assalam aleikum fundi. Mimi ni seremala hapa Langoni, Lamu, natengeneza milango na makasha. Kijana wangu aliagiza vifaa akaunda CNC ndogo ya kuchonga nakshi, mota za stepa (zinazozunguka hatua kwa hatua) na skrubu za milimita nane. Inachonga vizuri, lakini stima ikipotea tu, ile mota ya kukatia inashuka yenyewe na biti inajichomeka kwenye ubao. Juzi imeharibu mbambakofi uliokuwa umebakisha maua mawili tu. Kijana anataka tununue skrubu za gololi, nimeuliza bei nikanyamaza. Tufanyeje? — *Seremala, Langoni*

JIBU: Waaleikum salaam. Pole kwa huo ubao, mbambakofi siku hizi si wa kuchezea.

Mwambie kijana aweke pesa zake mfukoni kwanza. Skrubu za gololi kwa shida hii hazisaidii, zitaizidisha, nitafika huko.

Chukua ile skrubu ya kupandisha na kushusha, itazame kwa ncha yake. Nina hakika utaona thredi, yale meno yanayoizunguka skrubu, zinaanzia mahali pane, si mahali pamoja tu. Hizi skrubu zinazouzwa na vifaa vya CNC ndogo na printa za 3D nyingi ni za njia nne: kutoka thredi moja hadi ya jirani yake ni milimita 2, lakini kwa kuwa njia ni nne, nati ikizungushiwa raundi moja inasogea milimita 8. Huo ndio mwendo wake, na mwendo ndio unaoamua kila kitu hapa. Skrubu ni mteremko uliozungushwa kwenye chuma, basi. Mteremko ukiwa mkali unafika juu haraka lakini mzigo ukiuachilia unarudi mbio, ukiwa wa polepole unachelewa lakini mzigo unakaa pale pale ulipouacha, muulize yeyote anayepandisha punda na mawe kutoka gati.

Kwa hesabu: skrubu ya milimita 8 yenye mwendo wa milimita 8, ukali wa mteremko wake ni kama 0.36. Msuguano wa chuma kwenye nati ya brasi au bronzi ukiwa na grisi ni kama 0.1 mpaka 0.2. Mteremko umeushinda msuguano, kwa hiyo uzito wa mota ukikosa wa kuushika unaizungusha skrubu wenyewe na kushuka. Stima ikiwepo mota ya stepa ndiyo inayoshika, ikipotea hakuna wa kushika. Ukiweka skrubu ya unene ule ule lakini ya njia moja, mwendo milimita 2, mteremko unakuwa 0.09, msuguano unashinda, mota inabaki ilipo.

Kwa hiyo badilisha skrubu MOJA tu, ya juu-chini, pamoja na nati yake, manake nati ya njia nne haiingii kwenye skrubu ya njia moja hata ukiilazimisha. Zile nyingine mbili za kwenda pembeni na mbele ziacheni na njia zake nne, huko mnataka mbio na hakuna kinachoanguka.

Alafu kijana asisahau kubadilisha setingi kwenye programu! Stepa ya kawaida ina hatua 200 kwa raundi, na draiva (kile kifaa cha umeme kinachoiendesha mota) ikiwa imewekwa kugawa kila hatua mara 16 zinakuwa 3200. Kwa mwendo wa milimita 8 hiyo ni hatua 400 kwa milimita moja, kwa mwendo wa milimita 2 ni 1600. Akiacha 400, atakapoiambia ishuke milimita nne itashuka moja, maua yote yatatoka bapa na mtanilaumu mimi.

Mbio itapungua, hilo sikufichi. Mota ikizunguka raundi 300 kwa dakika, skrubu ya sasa inapanda milimita 2400 kwa dakika, hiyo nyingine 600. Kwa nakshi inayopanda na kushuka sana utaona kazi inachukua muda zaidi. Lakini unapata na faida, kila hatua ya mota inakuwa ndogo mara nne na nguvu ya kunyanyua inaongezeka kwa mota ile ile, ingawa si mara nne kamili kwa sababu msuguano unakula sehemu kubwa zaidi.

Kama hamtaki kubadilisha skrubu iko njia nyingine ya kienyeji: kamba, pulei na uzito upande wa pili unaokaribiana na uzito wa mota ya kukatia. Inafanya kazi, nimeiona, ila inachukua nafasi na inatikisika.

Sasa hizo za gololi. Ndani ya nati yake kuna gololi ndogo zinazozunguka kwenye mfereji na kurudi mwanzo kupitia kibomba, kwa hiyo hakuna kusuguana, ni kubingirika. Karibu asilimia 90 ya nguvu unayoingiza inatoka, wakati skrubu ya kawaida mara nyingi haifiki hata nusu. Ni kitu kizuri sana kwa mashine ya kiwanda inayofanya kazi usiku na mchana. Lakini kitu kisicho na msuguano hakina cha kukushikia mzigo, ukikata stima kinashuka kama maji, ndiyo maana mashine kubwa zenye skrubu hizi upande wa juu-chini huwekewa breki kwenye mota. Mngelipa pesa zote hizo ili ubao uharibike haraka zaidi.

Na hata hiyo ya njia moja, wakati wa kubadilisha biti weka kipande cha mbao chini ya mota. Mtikisiko ni mwizi, unaweza kuilegeza polepole hata skrubu ambayo kwa hesabu haishuki.

(Najua kuna wazee wa nakshi watakaonipigia kelele kwa kusaidia mashine ya kuchonga milango ya Lamu. Mimi naona mashine ikwangue yale ya ndani yanayochosha na mkono umalizie na patasi, lakini huo ni ugomvi wa ukurasa mwingine.)

SWALI: Shikamoo fundi. Niko matengenezo kwenye mashamba ya chumvi upande wa Gongoni, juu ya Malindi. Tuna lango la kuingizia maji ya bahari, la chuma, juu yake kuna gurudumu na skrubu ndefu. Zamani mtu mmoja alikuwa anafungua peke yake, saa hii ni watu wawili na bomba la kurefushia mkono. Mkubwa wetu anataka tuweke gurudumu kubwa zaidi. Ni sawa? — *Kijana wa chumvi*

JIBU: Marahaba mwanangu. Si sawa, na hata hilo bomba litoeni leo.

Tupige hesabu ya lango la mfano. Gurudumu la sentimita 40 upana, mzunguko wake ni kama mita 1.26. Skrubu yenye mwendo wa milimita 6. Mkono unatembea milimita 1257 ili lango lipande 6, kwa hiyo kama hakungekuwa na msuguano nguvu yako ingezidishwa zaidi ya mara 200. Msuguano upo, tuseme robo tu ndiyo inayofika kwenye lango. Hata hivyo mtu akivuta kwa nguvu ya kilo 15 lango linavutwa kwa kama kilo 780. Ndiyo maana zamani mmoja alitosha. Skrubu ikikauka, ikaingia mchanga na chumvi, ile robo inashuka mpaka kwenye nusu yake au chini, na hapo ndipo mnapoita mtu wa pili. Nguvu haijapotea kwenye gurudumu, imepotea kwenye nati na kwenye ile beringi ya chini ya gurudumu inayobeba msukumo wote, watu wengi wanapaka grisi skrubu na hiyo beringi hawaijui kabisa kama ipo. Fungueni muitazame, dau langu imeshakuwa kutu tupu.

Hatari ya gurudumu kubwa iko kwenye kufunga. Wakati wa kufungua skrubu inavutwa, na chuma kikivutwa ni kigumu sana, lakini wakati wa kufunga inasukumwa, na chuma chembamba kirefu kikisukumwa kwa ncha kinapinda ubavuni. Urefu usioshikwa ukiongezeka mara mbili, mzigo wa kukipinda unapungua hadi robo. Kwa hiyo wanaume wawili wenye bomba, lango limekwama na tope chini, wanaendelea kukaza wakidhani halijafunga... skrubu inapinda kidogo tu, jicho halioni, na kuanzia hapo kila raundi itakuwa nzito upande mmoja na nyepesi upande mwingine. Ukiona hivyo, nzito-nyepesi nzito-nyepesi kwa kila raundi, skrubu imeshapinda, msilaumu grisi.

Fanyeni hivi: maji yakipwa, osheni skrubu kwa maji matamu na brashi ya waya laini, ikikauka pakeni mafuta mepesi mzungushe juu chini mpaka uchafu utoke, futeni, ndipo mpake grisi, ile nzito ya kalsiamu inayouzwa kwa ajili ya boti, haioshwi na maji haraka. Ikiwezekana vikeni skrubu bomba la plastiki upande wa juu, mchanga wa kaskazi haubishi hodi.

Na nati ikiwa imekwisha, tafadhali msiweke ya brasi ya kawaida. Maji ya chumvi yananyonya zinki iliyomo, kinabaki kitu chekundu chenye vitundu ambacho kwa nje kina umbo la nati lakini kinavunjika kama biskuti. Ombeni bronzi au gani metali, ambayo ni aina ya bronzi.

SWALI: Fundi mimi ni mwanafunzi wa ufundi hapa Malindi mjini. Kwa nini skrubu za kuendesha mashine hazikatwi thredi kali ya V kama bolti za kawaida? Si ingekuwa rahisi, mtu ananunua fimbo ya thredi hadwea anamaliza kazi.

JIBU: Unaweza, na watu wanafanya, nimeona klempu nyingi za mafundi zimetengenezwa na fimbo ya M12 (unene wa milimita 12) ya hadwea na zinashika vizuri tu. Bolti imeundwa ISHIKE. Thredi yake ina pembe ya digrii 60, nati inajikaza kwenye V kama kabari, msuguano unaongezeka, na hicho ndicho unachotaka kwenye kitu cha kufunga. Mashine inataka kitu kinachotembea mara maelfu bila kula nguvu na bila kuisha.

Thredi ya mraba ndiyo inayopoteza nguvu kidogo zaidi, ukuta wake umesimama wima kabisa, msukumo wote unaenda mbele, hakuna unaosukuma nati kupanuka. Lakini kuikata ni taabu, na shina la jino lake ni jembamba. Kwa hiyo dunia imekaa katikati: trapeza, yaani thredi yenye kuta zilizolala kidogo, ya milimita yenye digrii 30, na Wamarekani wana yao inaitwa Acme, digrii 29. Usizichanganye hizo mbili eti digrii moja ni nini, moja ni ya milimita nyingine ya inchi, hazikai pamoja hata dakika. Uzuri mwingine wa trapeza utauona kwenye leithi: ile nati iliyopasuliwa vipande viwili inafungika kirahisi juu ya skrubu sababu kuta zimelala kidogo, kwa mraba ingekuwa inagonga jino kwa jino.

Na ukiwa kwenye leithi jua kuwa unatumia wazo la Henry Maudslay, fundi Mwingereza ambaye mnamo 1800 hivi, London, aliunganisha skrubu ndefu ya kuendesha, kishikio cha kisu kinachoteleza, na gia za kubadilisha, kwenye leithi moja ya chuma. Kabla ya hapo kila fundi thredi yake, bolti ya huku haiingii nati ya kule. Joseph Whitworth, ambaye aliwahi kufanya kazi kwa Maudslay, ndiye aliyependekeza 1841 kipimo kimoja cha thredi kwa wote. Lakini shida ni kuwa ili ukate skrubu sahihi unahitaji skrubu sahihi ya kuiongoza, sasa ya kwanza ilitoka wapi? Ilisahihishwa kidogo kidogo, kila moja ikizaa iliyo bora kuliko yenyewe. Mulize mwalimu wako akueleze hilo darasani, ni tamu kuliko mambo ya pembe.

SWALI: Fundi, tuko Matondoni, tunaunda mashua. Tulitengenezewa klempu kubwa za kuvutia mbao kwenye mataruma, fundi akatumia steni stili kila mahali, skrubu na nati, tukafurahi kutu kwisha. Mbili zimejifunga katikati ya kazi, haziendi mbele wala nyuma, tumezikata na msumeno. Ni steni feki?

JIBU: Si feki yakhe, huenda ni nzuri sana. Steni stili kwa steni stili zikisuguana chini ya mzigo mkubwa zinashikana, ile ngozi nyembamba inayozuia kutu inakwanguka, chuma kwa chuma vinagusana vitupu na vinaungana papo hapo kama vimepigwa welding. Ukikaza zaidi ndiyo unaviunganisha zaidi. Wakizungusha haraka, au na drili ya betri kama navyoona vijana wanafanya, joto linaharakisha.

Skrubu iacheni ya steni, nati fanyeni ya bronzi. Kama hamwezi, basi pakeni ile grisi ya kuzuia kushikana kila mara, zungusheni kwa mkono polepole, na ikianza kuwa nzito rudisheni nyuma kidogo kabla hamjaendelea. Kwa kweli kwa klempu inayofutwa na kutiwa mafuta kila jioni hata chuma cha kawaida kinatosha, bei ndogo na kinavumilia.

SWALI: Nina leithi ya zamani hapa Mokowe, nimeinunua mtumba. Mkono wa kusogeza kisu nikiurudisha nyuma unazunguka karibu robo raundi bure kabla kisu hakijaenda. Nataka kuagiza skrubu na nati mpya kutoka Mombasa au Nairobi, niwaambie nini ili wasiniletee kitu kingine? Na je nati lazima iwe laini, si ya chuma itadumu?

JIBU: Hiyo ni plei, iko kwenye kila skrubu ya kawaida, ya kwako imezidi tu. Nati inafanywa laini makusudi. Lazima kimoja kiishe, na afadhali kiishe kile cha bei nafuu. Ukiweka nati ya chuma ngumu itaila skrubu, na skrubu ndiyo yenye gharama.

Kabla hujaagiza chochote pima hivi: sogeza kisu katikati ya safari yake, usome plei, alafu kipeleke mwisho kabisa ambako kwa kawaida hakifikagi, usome tena. Kama mwisho plei ni ndogo na katikati ni kubwa, skrubu imeliwa katikati, nati mpya peke yake itakaza mwisho na kulegea katikati, utakuwa umetupa pesa. Kama ni sawa kila mahali, nati tu. Kama mkono wenyewe unatoka na kuingia ukiuvuta, hakuna kilichoisha, ni kola ya nyuma ya mkono imelegea, kaza hiyo uone maajabu.

Wakati unasubiri, fanya kazi nayo hivyo hivyo. Ukitaka kurudi kipimo fulani, rudi nyuma kupita plei yote alafu uje mbele tena, daima ufike kwenye kipimo kutoka upande mmoja. Mafundi wazuri wamekata vitu sahihi kabisa kwenye mashine zenye plei kubwa kuliko yako. Wengine wanaweka nati mbili zenye spring katikati, moja inasukuma huku nyingine kule, plei inakwisha, lakini mkono unakuwa mzito na nati zinaisha haraka.

Ukiagiza, waandikie unene wa nje kwa kalipa. Alafu pima meno 10 kwa pamoja ugawanye kwa 10, usipime jino moja, na ujaribu kwa milimita na kwa inchi uone namba ipi inatoka nzima, manake leithi nyingi za zamani ni za inchi. Hesabu njia kwenye ncha. Sema ni ya mkono wa kulia au wa kushoto, na hapo uangalie sana, skrubu ya kisu kinachoingia na kutoka mara nyingi ni ya kushoto ili mkono ukizungushwa kulia kisu kiende mbele, ukiwaletea maelezo bila hilo watakutumia ya kulia na utakuwa unazungusha kinyume maisha yako yote. Urefu wa thredi na urefu wote ni vipimo viwili tofauti. Na upige picha ya ncha zote mbili, karibu, rula ikiwa pembeni, kwa sababu thredi wanaweza kuwa nayo stoo lakini ncha ndizo zinazokatwa upya.